Mtungi wa Wazee

Ijulikane kwa watu wote, wa bomani na wa porini, wasomi na wasiosoma, kwamba Mpelelezi Mkuu wa Bukombe na nchi zote zinazopakana nayo hajapata kushindwa na kesi hata moja tangu aanze kazi yake tukufu. Tangazo hili ni kweli tupu. Alikuwa ameianza asubuhi ile ile, baada ya uji.

Mpelelezi huyo ni mimi, Telesphori. Nilikuwa na miaka kumi na sita, niko nyumbani Ushirombo kwa likizo kutoka shule ya bweni ya mapadri, na ofisi yangu ilikuwa chumba cha nyuma, kati ya gunia la maharage na kitanda changu. Siku hiyo nilikuwa nimesamehewa kuchota maji na kupasua kuni ili nijisomee katekisimu. Wakubwa wa nyumba waliamini kwamba ninajisomea. Mimi ni nani niwavunje moyo?

Nyumba ndiyo iliyoleta mambo yote. Baba alikuwa amemaliza kujenga nyumba mpya ya matofali, na nyumba mpya haikaliwi kimya kimya. Watu huitwa, ngoma hupigwa, pombe hunywewa, wazee hukaa ndani wakatamka mema. Mama alikuwa ameshughulika na mtama tangu juma lililotangulia: kuuloweka, kuufunika kwa majani mpaka uote, kuuanika, kuusaga, kuupika, kuutia kimea na kuuacha uchachuke. Mitungi midogo ya vijana na majirani ilijipanga barazani. Mtungi mkubwa wa wazee, uliopikwa kwa mtama uliochaguliwa punje kwa punje, ulikaa peke yake jikoni, kibanda kilicho nyuma ya nyumba. Huo ulikuwa haujachujwa bado. Mama hupenda kuuchuja dakika ya mwisho, wageni wakiwa njiani, ili povu liwafikie likiwa hai.

Basi jua lilikuwa limepanda kiasi cha kukausha umande niliposikia sauti ya Mama kutoka jikoni.

"Yesu na Maria! Mtungi uko wapi?"

Nilifunga katekisimu. Kazi ilikuwa imewadia.

Pale jikoni palibaki alama ya duara kwenye majivu, mahali mtungi ulipokaa. Mama alisimama mikono kichwani, na dada yangu mkubwa, Melania, alisimama kando yake na ndoo ya maji ambayo alisahau kuitua. Wote wawili walikuwa wametoka kisimani wakati huo huo.

Baba alifika akihema. Alitazama duara, akatazama mlango, kisha akatazama ng'ambo ya ua wa minyaa, ambako shoka lilikuwa likipasua kuni bila habari.

"Nkwabi!" aliita.

Shoka likanyamaza.

Nkwabi ni mume wa Melania, Msukuma wa Kagongwa, mtu mrefu, mpole, mwenye kucheka kwa mabega. Alikuja siku mbili kabla kutusaidia kazi za sherehe. Asubuhi ile Baba alimpa kazi mbili kwa pamoja: apasue kuni nyuma ya jiko, na alinde mlango wa jiko, maana harufu ya pombe ile ilikuwa imekwisha kuvuta wapita njia. Lakini Mama yupo pale, na Nkwabi ni mkwe. Mkwe hamtazami mama mkwe usoni, hakutani naye njiani, hakai naye jiko moja. Kwa hiyo sasa alijibu kutoka ng'ambo ya minyaa, bila kuonekana.

"Naam, baba."

"Nilikupa mtungi uulinde. Uko wapi?"

"Uko jikoni, baba."

"Haumo!"

Nkwabi akasema taratibu, "Baba, hakuna mtu aliyeingia jikoni isipokuwa mwenye jiko."

Mama alishusha mikono. "Mimi? Mimi nilikuwa kisimani na Melania!"

"Mwambieni mama kwamba sibishani naye," ilisema minyaa.

Baba si mtu wa makelele, na ndiyo sababu akikasirika watu huogopa. Alisema kwa sauti ya chini, lakini kila mtu alisikia.

"Mwanangwa Mageni anakuja leo na wazee wake. Nikose cha kuwapa, nyumba hii itaingiliwa kwa aibu. Nkwabi, rafiki zako wa ng'ambo ile walipita hapa jana, na mlicheka sana. Sisemi mmekunywa. Nasema hivi: wazee wakikaa na mtungi haupo, utarudi Kagongwa peke yako. Melania atabaki hapa mpaka wazazi wako waje tuzungumze nao."

Ndoo ya Melania ilianguka. Maji yalipita miguuni mwetu sote.

Hapo nilipiga hatua mbele, nikaweka mikono nyuma kama mkaguzi wa shule.

"Baba, niachie mimi kesi hii. Kabla wazee hawajakaa nitakuwa nimeuleta mtungi na mwizi."

"Wewe?" alisema Baba.

"Shuleni tunafundishwa kufikiri."

"Hapo ndipo tatizo lilipo," alisema Baba, akaenda zake barazani. Mpelelezi yeyote mwenye uzoefu angelihesabu jibu hilo kuwa ruhusa.

*

Nilianza na shahidi wa kwanza. Nkwabi alikuwa amekaa juu ya gogo, shoka magotini. Shavu lake lilikuwa na mikwaruzo, na nywele zake zilikuwa na majani makavu.

"Shemeji Nkwabi," nilisema, "unatakiwa kusema kweli yote."

"Shemeji Telesphori, kaa chini, unanizibia upepo."

Nilikaa. "Ulikuwa wapi mtungi ulipotoka?"

"Hapa hapa juu ya gogo, nimeuelekea mlango wa jiko. Mama anapokuja huwa anakohoa kwanza, ili nipate kujiondoa. Nikasikia kikohozi. Kutazama, nikaona kanga yake nyekundu inatokea mlango wa nyuma wa nyumba, imefunikwa mpaka kichwani. Sikungoja kuona zaidi. Nikageuka, nikajitupa huku." Alionyesha kwa kidole mahali ambapo minyaa ilikuwa imevunjika na miba ya mchongoma imechanganyika nayo. "Huku ndiko kulikokuwa karibu."

"Ukajitupa kwenye miba?"

"Ulitaka nichague?" Alijigusa shavu. "Nikapiga magoti, uso chini, nikamwamkia mama kwa heshima, kwa Kisukuma: Mwangaluka, mayu."

"Akajibu nini?"

"Akaguna. Mmh, basi. Nikasema moyoni, leo mama ana kazi nyingi."

"Ukaona nini tena?"

"Ardhi. Nyasi. Na kivuli chake alipotoka na mtungi kichwani. Jua lilikuwa nyuma yake, kivuli kikapita karibu na pua yangu. Kikazunguka upande wa banda la mbuzi, kikaenda zake. Nikakaa pale kwa muda mrefu, isije ikawa anarudi."

"Kivuli hicho kilikuwa cha namna gani?"

"Kirefu. Kina mtungi juu, na mikono miwili imeinuka huku na huku, kama masikio ya sungura."

Nilimshukuru kwa niaba ya sheria. Nilipoinuka alinishika mkono. Hakuwa anacheka tena, hata kwa mabega.

"Shemeji, Melania ana mimba. Sitaki kurudi peke yangu. Wewe una akili za vitabu. Nisaidie."

Nilikohoa kidogo. Niliahidi. Nikaondoka upesi kuliko nilivyofika.

*

Shahidi wa pili alikuwa Mzee Maulidi, mfanyabiashara wa Kahama ambaye huzunguka vijijini na vitambaa, chumvi na taa. Alikuwa barazani na Baba tangu asubuhi, wakibishana juu ya taa kubwa ya kuning'inizwa ndani ya nyumba mpya. Baba alipoingia ndani kidogo nilimkabili.

"Shikamoo, Mzee Maulidi."

"Marahaba, kijana. Umekuja kununua au kushika shika?"

"Nimekuja kuuliza. Ni wewe uliyemuuzia Mama kanga nyekundu?"

"Ndiyo. Nyekundu yenye maua ya mkorosho. Inamkaa vizuri mno."

"Na nani mwingine katika kijiji hiki anayo kanga kama hiyo?" Nilimkazia macho. Macho hayo yalikuwa yamewahi kumtetemesha mtoto wa darasa la kwanza.

Mzee Maulidi aliunyoosha mkeka wake. "Sikiliza, bwana mkubwa. Mzigo ule ulikuwa na kanga nyekundu mbili. Moja ya mama yako. Ya pili ilinunuliwa Isaka na mke wa bwana wa stesheni, na yeye, kwa unene alio nao, hawezi kupita kwenye huo mlango wenu wa nyuma. Kama unanishuku mimi, pombe siinywi, siigusi, na hata harufu yake inanitia mafua. Tena tangu nifike sijainuka hapa, baba yako ni shahidi. Ananikaba na hiyo taa kama anataka kuinunua kwa sala."

"Na mlangoni kwa mbele hapa, nani amepita?"

"Mama yako na dada yako, kwenda kisimani. Kuingia, hakuna. Hata kuku."

Niliandika hayo kichwani. Mpelelezi wa kawaida angeyaona ni mambo madogo, na mimi nilitamani sana kuwa mpelelezi wa kawaida, maana wakati huo huo Mama alipiga kelele kutoka chumbani kwake. Alikuwa amefungua sanduku ili avae.

"Hii kanga yangu imefanya nini? Inanuka pombe! Njooni mwone, begani kote imelowa povu!"

Melania aliichukua, akainusa, akanitazama. "Mpelelezi," alisema, "nadhani umesikia."

"Nimesikia," nilijibu. "Ushahidi huu ni mzito. Utahitaji muda wa kuupima."

"Muda haupo. Jua liko pale."

Ilikuwa kweli. Upande wa barabara ya misheni watu wa mbali walikuwa wameanza kuonekana, kanzu nyeupe hapa, mwavuli pale. Niliona ni wakati wa pigo kubwa.

Niliwakusanya watu wa nyumbani wote uani: Baba, Mama, Melania, Mzee Maulidi aliyejileta mwenyewe kwa udadisi, na Bibi Paskalina, mama yake Baba, aliyekaa mbele ya kijumba chake akichambua mchicha. Nkwabi alisimama ng'ambo ya minyaa akinyoosha shingo, amempa Mama kisogo.

"Mabibi na mabwana," nilianza.

"Fupisha," alisema Baba.

"Mwizi alitoka na mtungi mzito. Alizunguka banda la mbuzi. Mtu mwenye mtungi mzito haendi mbali. Je, nyuma ya banda la mbuzi pana nini? Pana kihenge cha mtama. Chini ya kihenge je? Pana rundo la mabua. Na mabua, mabibi na mabwana, hayasemi." Nilitembea kwa hatua za polepole, wote wakinifuata. Nilisimama kando ya kihenge, nikanyoosha mkono. "Kwa nguvu ya akili peke yake, bila kuona wala kuambiwa, natamka kwamba mtungi wa wazee uko hapa!"

Nikayavuta mabua.

Mtungi ulikuwepo.

Mama alipiga vigelegele. Melania alinikumbatia mpaka nikakosa pumzi. Mzee Maulidi alisema, "Mashallah, kumbe kichwa kimo!" Ng'ambo ya minyaa Nkwabi aliruka kama mtoto. Niliinamisha kichwa kwa unyenyekevu niliokuwa nimeufanyia mazoezi.

Baba aliinama, akashika mdomo wa mtungi, akauinua. Uliinuka kwa mkono mmoja.

Akaupindua. Lilitoka tone, likaning'inia, likaanguka.

"Mtupu," alisema Baba.

Nilichungulia ndani mimi mwenyewe. Nikatia mkono mpaka begani. Nikaugonga chini, kana kwamba pombe ilikuwa imejificha.

"Haiwezekani!" nilisema. "Ulikuwa umejaa!"

"Sote tunajua ulikuwa umejaa," alisema Melania polepole. "Mbona wewe ndiye unayetoka jasho?"

Baba aligeukia minyaa. "Mtungi mzima, Nkwabi. Haukuibwa ukapelekwa popote. Umenywewa hapa hapa." Akampa Melania ishara aingie ndani, na Melania akaingia ameshika tumbo, uso umemvimba kwa machozi aliyokataa kuyaacha yatoke.

*

Nilibaki na mtungi mtupu. Kwa mara ya kwanza katika kazi yangu tukufu nilikuwa na kesi ya kweli, na sikuipenda hata kidogo.

Nilizunguka kihenge nikitazama chini. Hapo nilimwona jogoo wetu, yule mwekundu mwenye majivuno, anatembea kwa ubavu. Alipiga hatua tatu kulia, akasimama, akafikiri, akapiga mbili kushoto, akawika. Ilikuwa karibu adhuhuri. Nyuma yake kuku jike alikuwa amelala chali, miguu juu, hai na mwenye raha zake. Wa tatu alijaribu kuruka juu ya kinu, akakikosa kabisa.

Hawa kuku walikuwa wamelewa.

Nikawafuata kwa kurudi nyuma, nikitafuta walikotoka. Chini palikuwa na machicha ya pombe, yale makapi yanayobaki pombe ikichujwa, yamemwagwa kidogo kidogo kwenye mstari. Kwa hiyo pombe haikunywewa. Imechujwa! Mwizi mlevi hachuji. Anayechuja ni mtu anayeijua kazi na asiye na haraka. Mstari ulipita nyuma ya banda, ukakata kona, ukaishia mlangoni kwa kijumba kidogo chenye ukuta uliopakwa chokaa ya misheni.

Mbele yake Bibi Paskalina aliendelea kuchambua mchicha.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mume wangu," alisema. Kwetu bibi na mjukuu ni watani, na Bibi ameniita mume wake tangu siku niliyobatizwa. "Mbona mume wangu amepauka hivyo? Au huko shuleni umenipatia mke mwenza?"

"Bibi, kuku wamelewa."

"Nao wana sherehe yao."

"Machicha yanaishia hapa kwako."

"Eti?" Alitazama chini kana kwamba anayaona sasa hivi. "Kumbe na macho unayo."

Nilipita, nikainua pazia la mlango. Ndani, kwenye giza baridi, mitungi miwili ya Bibi ilikaa kando ya ukuta, imefunikwa kwa majani ya mgomba, na povu lilikuwa likisukuma majani kutoka chini kama linataka kuchungulia.

"Bibi! Ni wewe!"

"Mimi nini? Nilitoka kutafuta mabua ya kuwashia moto, nikakuta mtungi wa mkwe wangu, mama yako, umefichwa chini ya kihenge, juani, haujachujwa. Pombe ya namna hiyo ikikaa juani inakuwa siki. Nimehangaika nayo kwa kata na kung'uto mpaka mgongo umekufa. Ningeiacha iharibike?"

"Mbona hukusema Baba alipokuwa akimfokea Nkwabi?"

Bibi aliweka mchicha chini. Meno yake manne yalionekana yote.

"Niliwaza hivi: aliyeuficha yupo, ana mdomo, na amesomeshwa na mapadri. Atasema mwenyewe. Sasa, mume wangu, wewe ndiye mpelelezi. Nenda ukamtaje mwizi mbele ya wazee, kisha mimi nitatoa pombe. Ukikosa kumtaja, mimi ni mzee, nitasahau nilipoiweka."

"Bibi, tafadhali."

"Wanakuja hao. Nawe uoshe hilo bega, lina povu."

*

Mwanangwa Mageni aliketi kwenye kigoda katikati ya sebule mpya, fimbo mkononi, wazee wake kulia na kushoto. Mwanangwa ni mkono wa mtemi kijijini kwetu, na tumbo lake hufika mahali kabla yake. Alisifu ukuta, akasifu madirisha, akamsifu Mzee Maulidi kwa taa, kisha akajilamba midomo, akasubiri kwa adabu.

Nkwabi alikuwa ameitwa asimame mlangoni. Mama alikuwa chumba cha pili, nyuma ya pazia, ili wakwe wasikutane. Baba alisimama katikati.

"Wazee wangu," alisema, "leo nina aibu ya kuwaambia. Mtungi wenu ulikuwa mikononi mwa mkwe wangu..."

"Baba!" nilisema. "Upelelezi umekamilika!"

Wazee waligeuka. Mwanangwa alinitazama toka juu mpaka chini. "Huyu nani?"

"Ni balaa langu," alisema Baba.

"Mwacheni aseme. Balaa lenye kusema linachangamsha."

Nilisogea mbele. Nilikuwa na mpango. "Wazee watukufu, sote tunajua siku hizi njia hii imejaa wachimbaji wanaokwenda kwenye dhahabu ya Geita. Watu wageni, wenye kiu, wasio na anwani. Mmoja wao amepita hapa asubuhi ya leo. Ameiba kanga, amejifunika, amekohoa, mkwe wa watu akajiinamia kwa heshima, mtungi ukaondoka. Nkwabi hana kosa. Nimemaliza."

Mwanangwa alitikisa kichwa kwa kuridhika. Nusura niokoke. Ndipo pazia lilisogea, Melania akatoka na kanga nyekundu mkononi.

"Mpelelezi, nami naomba kuuliza."

"Shahidi anaweza kukaa."

"Sikai. Kanga hii ilikuwa wapi asubuhi?"

"Sandukuni kwa Mama."

"Sasa hivi ilikutwa wapi?"

"Sandukuni kwa Mama," nilisema, na nikasikia mwenyewe ubaya wa jibu hilo.

"Mchimbaji huyo aliiba mtungi, akarudi kukunja kanga ya watu, akaifungia sandukuni? Ana malezi mazuri. Na aliingiaje? Mzee Maulidi, mlangoni ameingia mgeni?"

"Hata kuku," alisema Mzee Maulidi.

"Basi alikuwa ndani tayari. Mume wangu, kivuli ulichokiona, mikono ilikuwa wapi?"

"Juu, imeshika mtungi," alisema Nkwabi kutoka mlangoni.

"Mama hubebaje mtungi?"

"Mama?" alijibu mzee mmoja badala yake. "Mama huyu? Anabeba mtungi kichwani huku akimenya ndizi. Mwanamke gani wa hapa anashika mtungi kwa mikono miwili?"

"Kwa hiyo hakuwa mwanamke," nilisema. Sijui kwa nini nilisema. Hoja ilikuwa nzuri mno, ikanitoka yenyewe. "Alikuwa mwanamume! Tena mwanamume asiyezoea mizigo, asiye na kazi ya mikono. Mwenye kujua kwamba Mama hukohoa. Mwenye kujua sanduku liko wapi. Aliyekuwa ndani ya nyumba saa ile, wakati Baba yuko barazani, Mama na Melania wako kisimani, Nkwabi yuko..."

Nikauma ulimi.

Sebule nzima ilikuwa ikinitazama. Mwanangwa alikuwa amesogea mbele ya kigoda, mdomo wazi, kama mtu anayetazama mbuzi akitembea juu ya kamba. Hata Mzee Maulidi alikuwa akihesabu kwa vidole, na alipofika kidole cha mwisho alikielekeza kwangu.

"Endelea, mpelelezi," alisema Melania. "Jina tu ndilo limebaki."

Nilimtazama Bibi. Alikuwa amejisogeza mpaka kizingitini na mchicha wake. Nilimtazama Nkwabi. Mikwaruzo ya shavu ilikuwa imeanza kuvimba.

"Ni mimi," nilisema.

"Sema kwa sauti," alisema Baba. "Shuleni si mnafundishwa?"

"Ni mimi, Telesphori! Nilivaa kanga ya Mama, nikakohoa, Nkwabi akajitupa kwenye miba. Nikauficha mtungi chini ya kihenge. Nkwabi hakunywa hata tone. Pombe iko kwa Bibi, imechujwa, iko salama. Mtu yeyote asimzuie Melania."

Wa kwanza kupasuka alikuwa Nkwabi.

"Wewe ndiwe uliyeguna?" alipaza sauti. "Nimekupigia magoti wewe? Nimekuita mayu?"

"Ulisalimia vizuri sana, shemeji."

Mwanangwa Mageni alianza kucheka kwa tumbo, tumbo likatikisa kigoda, na wazee wakamfuata mmoja mmoja. Nyuma ya pazia Mama alikuwa akicheka amejiziba mdomo kwa kitambaa, ili mkwe asimsikie. Mabega ya Nkwabi yalijaribu kukataa, yakashindwa.

Baba peke yake hakucheka. Alitoka, akarudi yeye mwenyewe na mtungi mmoja wa Bibi, akauweka mbele ya wazee. Kwetu mwenye nyumba ndiye huonja kwanza, ili wageni wajue kwamba kinachotolewa ni chema. Baba alijaza kibuyu mpaka povu likamwagika vidoleni mwake. Hakukileta mdomoni. Alivuka sebule nzima, akampa Nkwabi kwa mikono miwili.

"Onja wewe, mwanangu. Nyumba ni yako pia."

Nkwabi alipokea, akanywa, akafuta mdomo. "Ni tamu, baba," alisema, na vigelegele vya Mama vilipita kwenye pazia bila kujali mkwe wala nani.

Hapo ndipo Baba aliponigeukia. Nilitafuta mlango wa nyuma kwa macho. Bibi alikuwa amekaa mbele yake.

"Neno moja tu," alisema Baba. "Mama yako amehangaika juma zima. Dada yako amelia. Mtu mzima ameingia mibani. Kwa nini ulifanya hivi?"

Nilisimama wima, mikono nyuma, kisha nikaona haifai, nikaileta mbele.

"Baba, nisamehe," nilisema. "Kijiji chetu kina amani mno. Mpelelezi tulikuwa naye tangu asubuhi. Kilichokosekana ni wizi."